Mbuna na Wifi

3 Aprili

Masika yameshuka leo asubuhi bila kubisha hodi. Maji yamepenya chini ya mlango wa nyuma mpaka miguuni pa tangi kubwa la samaki, nikayafagia peke yangu huku Nduku amekaa kitini, miguu juu ya stuli, akiniambia pole. Pole! Mimba ya miezi saba imemfanya malkia wa Frere Town nzima, hata fagio halimhusu.

Daftari hili ni jipya na halinijui, basi nijitambulishe. Mimi ni Nyamvula, miaka thelathini na tisa. Niliolewa Mariakani, nikarudishwa kwa sababu sikuzaa, na walionirudisha walipita njia ya sokoni makusudi ili kila mwenye macho aone. Nikakaa Kaloleni kwa mama, nikachekwa mpaka na kuku. Kisha mdogo wangu Lenox akapata kazi kiwandani huko Bamburi, akapanga nyumba hii, akaniita. Tangu hapo nyumba naiendesha mimi, na matangi yake ya samaki wa mapambo naendesha mimi. Yeye ndiye mwenye kuwapenda, mimi ndiye mwenye kuwajua. Mwaka juzi akamwoa Nduku, Mkamba wa Kibwezi, mpole mpaka anatia hasira.

Leo kwenye chai Lenox amesema, huku akiangalia kikombe asiniangalie mimi, "Dada, mtoto akija, chumba chako ndicho kitakachomfaa. Kina hewa. Wewe tutakutazamia pengine."

Pengine ni wapi? Nyumba ina vyumba viwili. Pengine ni Kaloleni.

4 Aprili

Mvua. Nduku amesema anatamani kula udongo. Nimemwonyesha uwanja mzima.

6 Aprili

Samaki wetu ni mbuna, asili yao Ziwa Malawi. Wanataka maji magumu, na maji ya kisima chetu yana chokaa hadi birika huota ukoko. Wanataka mawe, na mawe ya matumbawe tumeyaokota kwenye machimbo ya zamani ya Bamburi. Wanunuzi husimama mbele ya kioo wakasema, lo, wazuri, watulivu. Hakuna utulivu mle. Kila jiwe lina mwenyewe. Jiwe kubwa la katikati ni la Chifu, dume la buluu lenye milia. Madume yaliyoshindwa naye hupauka yakawa ya kijivu, utadhani yanaomba radhi kwa kuzaliwa. Mkubwa wa majike ni Mwanatabu, rangi ya chungwa lililoiva, naye hula kabla ya wenzake. Na chini kabisa, kwenye kona, yuko mmoja asiye na jina, mkia umeliwa nusu. Kazi yake ni kuumwa. Ukimwonea huruma ukamtoa, kesho watamchagua mwingine, kwa hiyo mimi humwacha pale pale.

Leo Nduku amekuja na gae la chungu, akataka nilitie ndani ili yule wa konani apate pa kujificha.

"Dada, si mnamwonea huyu?"

"Simwonei mimi. Wanamwonea wenzake."

"Lakini sisi ndio tunaangalia tu."

Nimelitia. Alipokwenda kujinyoosha nikalitoa. Mtu akae mwaka na nusu katika nyumba ya watu, aje kunifundisha samaki.

9 Aprili

Mwanatabu ana mayai kinywani. Kidevu kimemfura na hafungui mdomo hata nikimrushia mchicha uliochemshwa, chakula anachokipenda kuliko vyote. Ndivyo walivyo: jike hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka watoto watoke, wiki mbili na nusu hali kitu, anakonda hadi kichwa kinamzidi mwili.

Nduku ameweka mkono tumboni akalia machozi ya kweli. "Hata kula anakataa, kwa ajili yao," akasema. Lenox akafurahi kupata mwanafunzi. Akamweleza kwamba lazima tumtenge Mwanatabu kwenye tangi dogo, la sivyo atasumbuliwa ateme watoto waliwe. "Lakini asikae huko sana," akasema. "Akichelewa kurudi wenzake wamekwisha msahau. Mahali pake pamepata mtu. Huwa mgeni katika nyumba aliyoitawala mwenyewe."

"Na mkitaka asahaulike haraka?" Nduku akauliza, mjinga wa Mungu.

"Mtu huyapanga mawe upya," Lenox akajibu. "Mipaka yote ya zamani inafutika."

Nduku alikuwa bado anajifuta macho. Mimi sikulia. Nilikuwa nafikiri.

12 Aprili

Nimemwambia Lenox kwamba kwetu mimba ya kwanza mwanamke huzalia kwao, mikononi mwa mama yake. Ni ada, na wala sikuongopa. Ada ni kitu kizuri sana, kila mtu huikumbuka siku inayomfaa.

Nduku amekataa, mara ya kwanza kumsikia akikataa kitu. "Mimi nataka kuzalia hapa, karibu na bwanangu. Kliniki yangu iko hapa. Huko kwetu hospitali ni mbali."

"Mama yako atakukanda. Mimi nitakukanda na mikono gani? Sijazaa mimi, sijui lolote." Nilisema hivyo nikainamisha kichwa. Lenox akaona uchungu. Ulikuwepo, sikuutengeneza, niliutumia tu.

Lakini hakuamua. Lenox ana sheria moja ya matangi: usitie mkono. Samaki wakigombana, waache, watajuana wenyewe, kila mmoja atajua daraja lake. Sheria hiyo ameileta hadi mezani. "Nyinyi ni wanawake wawili wazima, mtaelewana," akasema, akaenda kuoga.

13 Aprili

Akufukuzaye hakwambii toka. Ndoo ya maji machafu ya matangi sasa naiweka chini ya dirisha la Nduku.

14 Aprili

Chumvi nyingi kwenye mchuzi. Kwenye sahani moja tu.

16 Aprili

Nduku ametapika mara mbili. Amesema, "Labda dada ana haki. Labda kwa mama nitapata kupumua." Nikamwambia, taratibu, wifi, usiharakishe, hakuna anayekufukuza.

18 Aprili

Ameondoka kwa treni. Lenox alimsindikiza mpaka stesheni ya Miritini, sanduku kichwani kama hamali, watu wakimcheka naye hajali. Mlangoni Nduku alinikumbatia, tumbo lake likanigusa tumbo langu, na mtoto akapiga teke. Nimelisikia teke hilo mimi. Nikarudi nyuma upesi.

"Dada, nitunzie nyumba," akasema.

"Nenda salama, wifi."

Mvua haijakatika siku nzima.

19 Aprili

Nimepanga mawe upya, na sisemi ya tangini. Mapazia ya maua ya Nduku nimeyafua, nikayakunja, nikayatia kwenye gunia juu ya kabati. Sufuria zake nimezishusha rafu ya chini, pale alipoanzia siku alipoolewa. Meza nimeigeuza, kiti chake cha kuinulia miguu nimekitoa uani kinanyeshewa. Picha ya harusi nimeihamishia ukutani kwenye nuru kidogo. Lenox aliporudi kazini alisimama katikati ya chumba akageuka huku na huku.

"Kumekuwa kukubwa," akasema.

"Kulikuwa kukubwa hivi tangu zamani," nikamwambia.

24 Aprili

Umeme umekatika mchana kutwa. Pampu za hewa zimezima na samaki wamepanda juu wakitweta. Lenox alikuwa zamu ya mapumziko. Tukavuta viti tukakaa, yeye na jagi lake, mimi na jagi langu, tukichota maji na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, tangi hadi tangi, kama tulivyokuwa tukimwagilia miche ya mama tulipokuwa wadogo. Tulicheka. Alinikumbusha siku aliyoanguka kisimani nikamvuta kwa shati. Nimekuwa na furaha leo ambayo sijaipata tangu aoe, naandika hivyo bila haya.

Halafu akasema, "Nduku angependa hii, angekuwa anawapepea kwa upepeo." Nikamwambia amwage maji, asiongee.

2 Mei

Nimemrudisha Mwanatabu. Watoto wake walitoka wiki iliyopita, wako salama tangi jingine, wanauzika. Yeye nilimwacha kwenye tangi dogo siku nyingi kupita kiasi. Lenox alikuwa na zamu mfululizo, hakuuliza. Nilitaka kuona kwa macho yangu. Na mawe ya tangi kubwa pia nikayahamisha.

Aliingia akijua anakwenda kwake. Alielekea moja kwa moja pale lilipokuwa pango lake, akakuta maji matupu. Akasimama. Jike jingine, jembamba, lililokuwa likimpisha njia miezi yote, ndilo lililomwuma la kwanza, ubavuni. Kisha wote. Hata yule wa konani mwenye nusu mkia alitoka kwake akaja kuuma. Huyo ndiye alinishangaza. Nilidhani aliyeumwa sana angejua. Aliuma kwa bidii kuliko wenzake.

Lenox amekuja ameshika wavu, akauinua juu ya maji. Kisha akauweka pembeni. "Wataelewana," akasema.

4 Mei

Hawakuelewana. Nimemwokota Mwanatabu juu ya maji, mapezi yameisha. Sikufurahi wala sikuhuzunika. Niliridhika, kama mtu aliyepiga hesabu ikatoka.

7 Mei

Nduku amepiga simu akanikuta mimi. Ameuliza, "Mwanatabu amerudi kwa wenzake?"

"Amerudi."

"Walimpokea?"

"Walimpokea sana."

Akacheka kwa raha. Akasema kwao hakunyeshi, mtoto anacheza usiku kucha, na anahesabu siku za kurudi nyumbani. Nyumbani!

13 Mei

Niandike polepole.

Kiwandani hawaruhusiwi simu karibu na mitambo, na tena wanunuzi wa samaki hupiga mchana, kwa hiyo simu ya Lenox hukaa na mimi mpaka jioni. Leo saa nne nilikuwa nakwangua ukungu kwenye kioo, imelia. Ni mama yake Nduku. Sauti yake ilikuwa juu, upande mwingine watu wakiongea na kilio cha mtoto mchanga.

"Nani? Dada wa Lenox? Mwambie Lenox aje leo. Apande gari lolote. Mtoto ametoka kabla ya mwezi kutimia. Msichana, mzima. Lakini Nduku anamwaga damu, haikomi, wanataka kumpasua, wanatafuta watu wa kumtolea damu. Analia jina la bwanake tu. Umenisikia, mwanangu?"

"Nimekusikia, mama."

"Umwambie sasa."

"Sasa hivi, mama."

Kiwanda si mbali. Ningefunga mlango, nikaenda mpaka getini, nikamwambia mlinzi aniitie Lenox Tinga, ingechukua muda wa kuivisha wali. Nililijua hilo. Nikarudi kukwangua kioo. Nilikwangua kioo ambacho kilikuwa kimekwisha takata, nikahamia kingine, nikahamia kingine. Chifu alinifuata na uso wake upande wa pili akidhani namletea chakula.

Je, nilitaka afe? Najiuliza kwa sababu hapa hakuna wa kunisikia. Nilitaka asirudi. Kama kutorudi kuna milango miwili, mimi sikumchagulia mlango. Lakini niliposikia kile kichanga kikilia kwenye simu, nilihisi tena lile teke la mlangoni. Nikakasirika. Nikasema, yeye anapewa kila kitu, mume na mtoto na chumba chenye hewa, na mimi nipewe njia ya sokoni tena?

Lenox amerudi, amelowa. "Kuna simu?"

"Mama mkwe wako alipiga. Wote wazima. Anasema simu ya Nduku imeingia maji, watakupigia wao Jumapili."

Haikuwa vigumu. Maneno yalitoka yamenyooka, hata mimi niliyaamini kidogo. Akala, akasema wali umeiva vizuri. Umeme umekatika jioni na dhoruba.

14 Mei

Bado hakuna umeme. Simu imezimika na mimi sikuipeleka dukani kuchajiwa. Nimemwambia Lenox kule dukani foleni imefika barabarani. Tunamwaga maji kwa majagi, yeye huku, mimi kule. Leo hatukucheka.

15 Mei

Samaki wachanga wengi wamekufa kwa kukosa hewa, nao ni wale wa Mwanatabu. Kumbe naweza kulia. Nimewalilia wale.

16 Mei

Umeme umerudi asubuhi wakati Lenox yumo ndani bado. Simu ikawaka na ikalia mkononi mwake mwenyewe.

Nilikuwa jikoni. Nilimsikia akisema, "Shikamoo mama," kwa furaha, kisha nikasikia kiti kikisukumwa. Alikuja akasimama mlangoni. Uso wake umebadilika rangi, sijui niseme vipi, umekuwa wa jivu.

"Dada, walikupigia?"

"Mtandao siku hizo ulikuwa..."

"Nakuuliza tena. Walikupigia, wakakwambia Nduku anakufa?"

Nikajibu ndiyo. Nikaongeza, kwa haraka, kwamba sikutaka kumtia hofu na mvua hii na barabara mbovu, na kwamba Mungu ni mwema, yule ni mzima sasa, sivyo?

"Amepasuliwa. Hatazaa tena," akasema. "Ndugu zake wamemtolea damu. Alikuwa akiuliza kila anayeingia kama ni mimi."

Nilingoja anipige, nikakaza shingo. Hakunipiga wala hakupaza sauti. Alichukua koti lake, akaondoka na mvua ile ile.

17 Mei

Nimelisha samaki. Dume la mbuna haliachi jiwe lake kumfuata jike. Miaka yote hii sijaona hata moja. Likitoka hatua mbili, jiwe limechukuliwa, nalo lajua. Atarudi.

20 Mei

Mvua. Kimya.

26 Mei

Amerudi! Amerudi peke yake. Sikuuliza, nimetenga ugali na mchicha wa nazi, samaki wa kukaanga, limau pembeni kama anavyopenda. Amekula kidogo. Kisha akasema, bila kuniangalia, "Nduku harudi tena katika nyumba hii."

Nimeinuka kwenda kuleta maji ya kunawa ili asiuone uso wangu. Jikoni nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Nimeshinda. Naliandika jinsi lilivyo. Yule ana mtoto na ana mama na ana Kibwezi yake. Mimi nina chumba chenye hewa.

29 Mei

Nimehamisha kitanda changu kikatazama dirisha.

3 Juni

Lenox haongei. Asubuhi "umeamkaje", jioni "asante kwa chakula", basi. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini wahenga hawakufuga samaki. Dume lililopoteza jike hupauka siku kadhaa, hula kidogo, kisha siku moja unaliona limerudiwa na milia yake. Namwacha. Sitii mkono.

9 Juni

Ameuza tangi la kwanza, na samaki wake wote. Nikadhani ni gharama za hospitali. Nimemsaidia kulisafisha.

11 Juni

Ameuza mengine. Kitsao, yule mwenye hoteli ya kula kule Bamburi, ndiye mnunuzi. Baraza limebaki na alama za mraba sakafuni. Nimemwambia Lenox hapa pakiwa wazi tutaweka makochi, tukae kama watu. Akasema, "Haya, dada."

Sauti yake ya "haya" nimelala nayo nikaamka nayo. Mvua imepungua, inanyesha alfajiri tu.

15 Juni

Kila siku anaongea na simu uani, anacheka taratibu. Anapoingia ndani anaacha kucheka. Leo nimesimama nyuma ya mlango. Alikuwa akimwimbia mtu mdogo sana.

20 Juni

Amenikalisha kitini kama mzee anayetoa hukumu, naye ni mtoto niliyemvuta kisimani kwa shati.

"Dada, mwisho wa mwezi nahama. Kazi nimeacha. Baba yake Nduku ana shamba la machungwa huko, tena kuna karakana ya pampu za maji wananihitaji. Nyumba nimekwisha mwambia mwenyewe achukue mpangaji mwingine."

Nilicheka. Kweli nilicheka, nikadhani ni mzaha wa kuniadhibu. Nilipoona hacheki nikapiga kelele mpaka majirani wakafungua madirisha.

"Wewe ndiye unayekwenda kukaa kwao? Mwanamume kuolewa! Mtu wa Kaloleni akalimie wakwe machungwa! Mama atakufa kwa aibu!"

"Mama nimemwambia. Amesema niende kwa mtoto wangu."

"Na mimi je? Nani aliyekulea? Nani amekuwekea nyumba hii isimame?"

"Wewe," akasema. "Na mimi ndiye niliyekuwa naona. Ile ndoo chini ya dirisha niliiona. Nduku alilia kwangu usiku nikamwambia mtaelewana. Kosa lako nimelisema kwa mama, na langu pia nimelisema. Lakini langu naweza kwenda kulilipa."

Nilikuwa nimemjua huyu kama ninavyomjua Chifu, nikajua jiwe lake ni hili. Kumbe jiwe lake lilipanda treni tarehe kumi na nane Aprili, nami nikalifungulia mlango.

23 Juni

Nimeomba msamaha. Nimepiga magoti jikoni, kitu ambacho sikumpigia mume wangu kule Mariakani. Nimemwambia Nduku aje, nitalala barazani, nitafua nepi, nitanyamaza. Ameniinua kwa mkono, vizuri, bila hasira. Akasema, "Dada, yeye anaogopa kula chakula ulichopika wewe."

25 Juni

Jua kali. Nguo zote zimekauka kwa mara moja.

28 Juni

Ameondoka. Ameshusha gunia juu ya kabati akayatoa mapazia ya maua, akayanusa, akayatia sandukuni. Amechukua picha ya harusi, na sufuria za rafu ya chini. Kile kiti cha kuinulia miguu mvua imekiharibu, amekiangalia akakiacha.

Gari lilikuwa linangoja. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale Nduku aliponikumbatia. Nikakumbuka kitu ambacho wiki zote hizi sikukiuliza hata mara moja, na nikaona haya, lakini nikauliza.

"Lenox, mtoto mmempa jina gani?"

Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina upande wa baba. Mwanamke asiye na mtoto hungoja hilo. Ndugu yako akikupa somo, mtoto wa kuitwa kwa jina lako, jina hilo lina miguu, lina mdomo, litaitwa uani hata wewe ukiwa umezikwa. Sikuwahi kulisema kwa mtu, na hapa daftarini pia sikuandika, kwa sababu yako mambo ambayo mtu hayatamani kwa sauti.

"Nduku alikuwa amekwisha chagua," Lenox akasema. "Tangu kabla ya masika. Sikutaka mimi, nilisema tungoje tuone kwanza ni nani. Yeye akasema kama ni msichana ni Nyamvula, kama shangazi yake. Alisema, dada yako hana wa kumwita, akipata somo wake atanipenda na mimi."

"Na sasa?"

"Sasa anaitwa Mwende. Mama yake Nduku ndiye aliyempa, pale hospitalini. Hakuwepo mtu wa kwetu wa kutoa jina."

Akapanda gari. Hakunipungia mkono, wala hakukataa kunipungia. Alikuwa anaangalia mbele.

30 Juni

Kitsao amekuja na ndoo kuchukua samaki wa tangi kubwa, la mwisho. Nimemnasa Chifu kwa wavu, amepigana mpaka maji yameniingia machoni.

"Huyu mkali nimweke na nani?" Kitsao akauliza.

"Mweke peke yake."

"Hatachoka?"

Nimemwambia mimi si daktari wa samaki, na akikaa barabarani maji ya ndoo yatapata moto.

2 Julai

Mvua imekwisha kabisa. Nimefunga vitu vyangu, havijazi hata magunia mawili. Mpangaji mpya amekuja kuangalia, mwanamke mwenye watoto, akasimama katika chumba changu akasema, "Hiki kina hewa." Nikamwambia ndiyo.

Mama amepiga simu kutoka Kaloleni, kwenye simu ya jirani. Ameniuliza nafika saa ngapi, kama nimekula, kisha akauliza kwa ile sauti yake ya furaha, mjukuu wake wa kwanza anaitwa nani, maana majirani wanamwuliza na Lenox alisahau kumtajia.

Nimemwambia sijui.